Kibanzi cha Otso

Kando ya ziwa lile hakuna mtu mwenye masikio ambaye hakuijua habari ya kibanzi cha Otso. Mama yake, Maire, alikuwa ameisimulia kwa majirani, kwa mchungaji wa kanisa, kwa mpeleka barua, na siku moja alipokosa wa kumsimulia, akamsimulia fundi wa mashine ya kufulia aliyekuwa amelala chali chini ya sinki, maskini, hana pa kukimbilia.

Habari yenyewe ni fupi. Pasaka moja Otso alirudi nyumbani kutoka mji wa Tampere, alikokuwa akijenga maghorofa. Akaingia saunani, chumba cha mbao cha kuoga kwa mvuke, akaoga, akatoka na uso wa mtu mwenye la kusema. Mama akambana mpaka akalisema: ana kidonda, huko chini, mahali ambapo mwanamume mzima hamwonyeshi mama yake. Maire hakuuliza zaidi. Mtu anakaa uchi kwenye benchi la mbao, anapata kidonda huko chini. Sasa hapo kuna fumbo gani? Kibanzi! Akamgeukia mumewe, Kauko, akamwambia mabenchi yote ya sauna yapigwe randa, ya juu na ya chini. Kauko ni mtu wa maneno sita kwa siku, na siku hiyo hakutumia hata moja. Akachukua randa, akaranda siku tatu. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba: hakai mtu benchini bila taulo nene.

Iiris, mke wa Otso, alikuwa ameisikia habari hiyo si chini ya mara arobaini, na kila mara alicheka. Ila Septemba hii hakuwa na nafasi ya kufikiria vibanzi. Alikuwa na mimba ya wiki kumi, ya kwanza, na aliyejua ni Otso peke yake, pamoja na nesi Sirpa wa kliniki ya wajawazito.

Nesi Sirpa ndiye aliyempigia simu. Ilikuwa Alhamisi, siku ya supu ya njegere, na Iiris alikuwa jikoni shuleni anakoroga sufuria ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuogelea ndani yake.

"Iiris mwanangu, pita hapa kabla ya saa nane."

"Kuna nini?"

"Kuna la kuzungumza, na si la simu."

Jamani, maneno hayo mtu asimwambie mjamzito. Iiris alifika kliniki na aproni yake, mwiko bado mkononi.

Sirpa alikuwa mama wa makamo, na nusu ya mji ule ilizaliwa mbele ya macho yake. Alimsogezea kiti, akamwekea kahawa, akasema bila kuzunguka, "Zile damu tulizopima juzi. Umeonekana una kaswende."

"Kaswende!" Iiris akashika tumbo. "Ile ya mabaharia wa zamani?"

"Ileile. Mabaharia walikufa, yenyewe ikabaki. Sasa nisikilize, maana nina mabaya na mazuri, na mazuri ni makubwa kuliko mabaya." Akamshika mkono. "Ukiiacha, kidudu kinapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Mimba inaweza kuharibika. Mtoto anaweza kuzaliwa amekufa, au akazaliwa hai na ugonjwa ndani ya mifupa, kwenye macho, kwenye masikio. Hayo ndiyo mabaya. Mazuri ni kwamba uko wiki ya kumi, na penisilini ni dawa ya zamani isiyo na mchezo. Sindano tatu, moja kila wiki. Ukianza kesho, nina matumaini makubwa kwamba huyu mtoto atakuja hapa kunililia akiwa mzima kabisa."

Iiris akalia kidogo, akanywa kahawa, akalia tena.

"Lakini mimi sikuumwa popote!"

"Wengi hawaumwi. Inaanza na kidonda kimoja kisichouma. Kwa mwanamke kinajificha ndani, hata mwenyewe hakioni. Kinapona chenyewe, mtu anasahau. Baadaye huja vipele, navyo vinaondoka. Halafu kimya, miaka." Sirpa akakohoa. "Na Otso lazima aje. Nikikutibu wewe peke yako nitakuwa nadeki huku bomba linavuja."

Otso alikuwa uani akipasua kuni. Mwanamume mkubwa, milangoni anaingia ubavu, lakini mpole. Buibui hamuui, anamtoa nje kwa kikombe. Iiris akamweleza yote akiwa amesimama palepale kwenye maganda ya miti. Shoka likabaki juu.

"Mimi?" akasema Otso.

"Sisi. Mimi ninayo, nawe huenda unayo. Nesi anataka damu yako."

"Iiris, tangu nikuoe sijatoka nje hata kwa macho. Yule dada wa duka la mikate namsalimia nikitazama mikate!"

"Na mimi je?"

Otso akanyamaza.

"Umenyamaza!"

"Sijasema kitu."

"Ndiyo hicho ninachokuambia! Hujasema kitu!"

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na watu wa huku kimya wanacho cha kugawa. Kuni tatu zikapasuka kabla Otso hajafungua mdomo tena.

"Labda ni ile sauna ya bwawa la kuogelea," akasema. "Watu wanakaa pale bila taulo, hawana adabu."

"Nesi kasema benchi haliambukizi."

"Nesi anajua nini kuhusu benchi? Mimi nimezaliwa saunani!"

"Aliyezaliwa saunani ni bibi yako! Wewe umezaliwa hospitali, tena kwa koleo, kwa sababu ya hicho kichwa chako!"

Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo Otso alizungusha shoka mkononi akasema hapana, haendi. Kwenda ni kukiri, naye hana la kukiri. Wamekosea chupa maabara, basi.

"Haya, baki na heshima yako," akasema Iiris. "Mimi na mtoto tunakwenda kuchomwa."

Ijumaa akaendesha gari peke yake saa moja na nusu mpaka hospitali kubwa. Sindano ilikuwa nzito kama asali ya barafuni, nusu kalio hili na nusu lile, na njia nzima ya kurudi alikaa upande upande kama mzigo uliofungwa vibaya. Kilichomliza hakikuwa sindano. Alikuwa na hofu mbili zinagombana. Ya kwanza ilikuwa ya mtoto. Ya pili ilikuwa ya mumewe: ama Otso anamdanganya, ama Otso anamshuku, na hakujua lipi kati ya hayo mawili lingemuua haraka. Alimpenda yule mtu, jamani. Alipenda hata buibui wake.

Jumamosi ikafika, na Jumamosi ni sauna kwa wakwe. Kutokwenda ni sawa na kupiga mbiu kwamba ndoa imevunjika. Wakaenda, mita mia mbili, mmoja upande huu wa njia na mwingine upande ule.

Zamu ya wanawake ni ya kwanza. Iiris akaingia na Maire, akapanda benchi la juu, akajiachia kukaa, mawazo yako hospitali.

"Taulo, mwanangu!" Maire akapiga kelele. "Unataka kibanzi?"

Na hapo, loo, hakuna wa kumzuia. Maire akamwaga kata ya maji kwenye mawe ya jiko, mvuke ukapanda, na hadithi ikapanda nayo. Iiris alikuwa anaisikia kwa sikio moja.

"Na ajabu yake unaijua," Maire akasema akijifuta jasho. "Hakikumuuma! Nikamwuliza, mwanangu, kinauma? Hakiumi, mama. Nikuitie daktari? Usiite, mama. Kidonda kimoja, mviringo, eti kama kitufe cha shati. Wiki tatu, nne, kikapona chenyewe. Dawa hakuna, na kibanzi chenyewe hakikutoka! Nina miaka sitini na mbili, sijaona kibanzi chenye adabu kama kile."

Mikono ya Iiris ikasimama juu ya magoti.

"Mama, ilikuwa Pasaka ipi?"

"Si ile kabla hamjajuana? Nyie mmekutana Juhannus, kwenye dansi ya sikukuu ya Juni, wewe na vile viatu vyako vyekundu. Kibanzi ni Pasaka ya mwaka huohuo. Miaka miwili na nusu sasa. Wewe, unakwenda wapi? Hata hatujajichapa matawi ya kuchangamsha damu!"

Iiris alikuwa ameshajifunga taulo na kuupiga mlango teke. Nje, Otso na baba yake walikuwa wameketi ukutani wakingoja zamu, kila mmoja na soseji yake kwenye kijiti.

"Otso! Gatini! Sasa hivi!"

Otso akaitazama sura ya mkewe, akaacha soseji. Kauko akaitazama soseji ya mwanawe, halafu mgongo wa mwanawe, halafu akatazama ziwa.

Kwenye gati la mbao Iiris alisimama anafuka moshi kama chungu kilichotoka jikoni. Akanyoosha kidole kimoja. "Kaswende inaanza na kidonda kisichouma. Kimoja. Mviringo. Kinapona chenyewe."

"Ehe."

"Otso. Kisichouma. Kinapona chenyewe."

Ukauona uso wake unafanya kazi, pole pole, kama lori linalopanda kilima. "Kibanzi," akasema.

"Hakukuwa na kibanzi!"

"Lakini mama alisema..."

"Mama alisema, na wewe ukaamini, na mimi nikacheka mara arobaini! Tampere ulikuwa na nani?"

Otso akawa mwekundu mpaka masikioni. "Kulikuwa na dada mmoja, Februari. Wiki mbili tu. Kabla yako, Iiris, naapa. Mimi nilipoona kile kidonda saunani nilijua ni benchi. Nilikuwa nimelikalia!"

"Sawa. Pasaka kidonda. Juhannus mimi. Na Septemba ile mimi nilitoka vipele viganjani, unakumbuka?"

"Ulisema ni yale matawi ya kujichapia. Ulisema yamekudhuru."

"Nilisema matawi!" Iiris akajishika mbavu. "Wewe ukalaumu benchi, mimi nikalaumu mti! Sauna yote tumeisingizia, imebaki jiko tu!"

Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba, maana hofu yake ya pili ilikuwa imekwisha pale pale gatini. Hakudanganywa. Mumewe hakuwa mwongo, alikuwa mjinga tu, naye vilevile, na ujinga wa watu wawili unaweza kulala kitanda kimoja bila kugombana. Mficha uchi hazai, wanasema. Hawa uchi hawaufichi, kila Jumamosi wanaketi nao safu nzima; lakini kuuliza swali moja kwa daktari, hilo ndilo lililowashinda.

Otso hakucheka. Aliketi kwenye ukingo wa gati, miguu majini na viatu vyake.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyempelekea mtoto."

"Hukujua."

"Sikujua, lakini ni mimi. Na jana nikakuacha ukaenda peke yako." Bega lake likatetemeka. "Iiris, nisamehe."

"La ugonjwa nimeshakusamehe. La jana nitakukasirikia mpaka Krismasi." Akaketi karibu naye, taulo na yote. "Jumatatu unakwenda kwa Sirpa."

"Jumatatu asubuhi kabla hawajafungua. Sindano inachomwa wapi?"

"Makalioni."

"Lipi?"

"Yote mawili, baba. Jiandae."

Jumatatu damu ya Otso ikasema yaleyale. Nesi Sirpa mwenyewe akampigia simu yule dada wa Tampere, ambaye alishatibiwa zamani na alikuwa amemtafuta Otso kwa namba ambayo Otso alikuwa ameshaibadili. Iiris na Otso wakapanga sindano zao siku moja, chumba kimoja. Iiris alichomwa akaguna. Otso, mbeba mihimili, aliona sindano akateremka ukutani taratibu mpaka sakafuni, na nesi wa hospitali akasema afadhali, huko chini nitamfikia vizuri.

Jumamosi hiyo, mezani kwa wakwe, Otso alikula amesimama. Jumamosi iliyofuata, amesimama. Ya tatu, Maire hakuvumilia.

"Mbona hukai? Usiniambie ni kibanzi tena!"

Otso akamtazama mkewe. Iiris akatazama viazi vyake kwa nguvu zote.

"Kidogo, mama," akasema Otso.

"Nilijua! Kauko, randa!"

Kauko akaendelea kutafuna. Hakuinuka, na Maire alishangaa jambo hilo wiki nzima.

Oktoba wakatangaza mimba, na Maire akalia, akafuma soksi kumi na nne. Majira ya baridi yote Iiris akawa anampelekea Sirpa mkono wake utolewe damu, na kila mwezi namba ya ugonjwa ikapungua. Ile ya Desemba ilipokuja nzuri, akakumbuka kuacha kumkasirikia Otso, siku nane kabla ya muda wake. Januari likafika sanduku la serikali lenye nguo za mtoto, na akazipanga kwa rangi, akazipangua, akazipanga tena. Hofu ya kwanza haikumtoka. Alikuwa akilala nayo na kuamka nayo, na mtoto akipiga teke, alimwambia, piga tena, mwanangu, nisikie.

Mwisho wa Machi akazaliwa msichana, kilo tatu na nusu, mwenye sauti ya kuuza samaki. Daktari wa watoto akampima damu, akamtazama macho, akamgusa mifupa mmoja mmoja huku Otso akihesabu pamoja naye kwa sauti. Mzima. Ila damuni alikuwa na alama ndogo ya ugonjwa aliyoazima kwa mama yake, na alama hiyo lazima ifutike yenyewe ndipo neno la mwisho lisemwe. Wakangoja Aprili, wakangoja Mei. Wiki ya kwanza ya Juni Sirpa akapiga simu, na safari hii hakusema kuna la kuzungumza.

"Imefutika!" akapiga ukelele. "Safi! Mtoto hana kitu!"

Otso alikuwa juu ya paa anapiga misumari. Iiris alimpigia kelele kutoka uani, na majirani wote wakasikia kwamba imefutika, ingawa hakuna aliyejua ni nini.

Jumapili ile mtoto akabatizwa sebuleni kwa wakwe. Jina, kama ada, lilifichwa mpaka mchungaji alipolitamka: Sointu. Maire akasema ndilo aliloota. Keki ikakatwa, kahawa ikamiminwa, na Maire akampata mke wa mchungaji pembeni uani, mgeni katika mji, asiyewahi kusikia habari ya kibanzi.

Kauko akawagusa Otso na Iiris mabegani, akatangulia kuelekea saunani. Wakamfuata na mtoto. Ndani kulikuwa baridi, jiko halijawashwa, kunanukia mbao na moshi wa zamani. Kauko akabaki amesimama akipapasa benchi la juu kwa kiganja.

"Nililiranda siku tatu," akasema. "Nililipapasa lote kabla sijaanza. Hapakuwa na kibanzi, Otso. Hata kimoja."

Maneno sita ya Kauko yalikuwa yamekwisha zamani, na bado alikuwa anaendelea.

"Nilikuwa melini miaka mitatu ujanani. Niliviona vile vidonda kwa wenzangu. Siku ile nilijua. Nikasema, nisimwaibishe kijana mbele ya mama yake, nitamwambia kesho. Kesho nikaranda. Kesho kutwa nikaranda. Halafu ukaja na Iiris, mnacheka, nikashindwa kabisa." Akalipapasa benchi tena. "Mwaka jana nilipokuona unakula umesimama Jumamosi tatu, nilimshukuru Mungu. Melini nako waliochomwa walikula wamesimama. Lakini sikuuliza. Mlipotangaza mimba sikuuliza. Miezi yote hii nimekuwa nauma meno. Mtoto... mtoto yukoje?"

"Mzima, baba," akasema Iiris. "Tulitibiwa mapema. Juzi wametuambia hana kitu. Hana kitu kabisa."

Mzee akageukia ukuta. Mabega yake yakacheza kama yale ya mwanawe siku ile gatini.

"Ulihitaji baba, mwanangu," akasema akiwa bado ukutani. "Mimi nikakuletea randa."

Iiris alikuwa amejiandaa kwa mengi siku ile, lakini si kwa hilo. Akamtazama mumewe. Otso akavuta pumzi, akamkaribia baba yake, akapitisha mkono wake mkubwa juu ya lile benchi, pale pale penye mkono wa mzee.

"Lakini limetoka laini, baba," akasema. "Saa ngapi tunaliwasha jiko?"

Kauko akacheka, machozi yanatiririka, na Iiris akamwekea mjukuu mikononi kabla hajapata nafasi ya kujifuta. Nje, dirishani, wakamsikia Maire amefika kwenye kitufe cha shati, na mke wa mchungaji anauliza, kwa upole sana, kama kilikuwa kinauma. Kauko akampakata Sointu vizuri, akatoka naye uani kwenda kumjibu yule mgeni.